Chumvi ya Bahari na Injini za Mashua

Sisi wa Ziwa Tanganyika tumezoea kuziacha mashua za injini majini siku nyingi. Katika ghuba ya Msasani, Dar es Salaam, tuliona mambo mengine. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi yapata gramu 35, nayo hupitisha umeme vizuri. Basi madini mawili ya namna mbalimbali yakigusana humo, moja huliwa. Kwa hiyo hufungwa kipande cha zinki kwenye injini, kiliwe badala ya alumini. Mwingereza Humphry Davy alilitoa shauri hilo mwaka 1824, kwa kukinga shaba ya merikebu. Wengine hukipaka rangi kipande hicho, kisha hushangaa hakikingi kitu!

Jioni injini huinuliwa, isilale majini. Tena huwashwa ndani ya pipa la maji matamu, chumvi isikauke na kuziba njia za kuipoza. Kazi hiyo yachosha, lakini injini ndiyo chakula cha nyumba.

Atakayeleta mashua ya pwani ziwani abadili kipande kile: katika maji matamu zinki hujifunika ganda na kuacha kukinga, hapo hufaa magnesi.