Mfumo wa Kompyuta Si Simba na Yanga

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya kuiimarisha Windows 10 kiusalama. Kompyuta yetu ya nyumbani hapa Mawengi, wilayani Ludewa, ni kongwe, haiwezi kupokea Windows 11. Na fedha ya kununua nyingine ndiyo ada ya shule ya binti yetu. Nikaiwekea Linux, mfumo endeshi upatikanao bure, naye anaandika na kujisomea bila taabu. Kompyuta ya dukani imebaki na Windows 11, kwani programu ya hesabu zetu haifanyi kazi penginepo.

Jirani akaniuliza nashabikia upande gani, kana kwamba ni Simba na Yanga. Ndugu msomaji, mali ya familia ni amana. Hutumiwa kwa haja, si kwa ushabiki.