Tulivyorudi Kalemie

Tulipoondoka Kalemie mwaka 1998 tulikuwa na umri wa miaka minane, nasi tulilala kati ya magunia ndani ya mtumbwi, kwa maana vita vilikuwa vimeingia mjini. Tulikulia katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Huko tukasoma, kisha tukaenda seminari, na mwisho tukashika kazi ya ualimu. Hata mwaka 2025 ndipo tulipoiona tena nchi tuliyozaliwa.

Kutoka Kigoma mpaka Kalemie ni mwendo wa kilometa zipatazo 120 juu ya maji. Tulipanda meli ya mizigo, tukalala juu ya mifuko ya saruji, na kulipopambazuka tukaiona milima ya Kongo. Zamani za Wabelgiji mji huu uliitwa Albertville. Reli ya kutoka Kabalo ilifika hapa mwaka 1915, ikakutanisha treni na meli. Tangu mwaka 2015 Kalemie ni makao makuu ya mkoa wa Tanganyika.

Ajabu ya mahali hapa ni mto Lukuga. Mito mingi huingia katika Ziwa Tanganyika, lakini Lukuga peke yake ndio utokao, ukayapeleka maji mpaka Lualaba, yaani mto Kongo. Mwingereza Cameron alipofika mwaka 1874 aliukuta umezibwa kwa majani na matope. Stanley naye, mwaka 1876, hakuona maji yakitoka sawasawa. Miaka michache baadaye maji yalikivunja kizuizi, na ziwa likashuka. Hata leo ziwa lina tabia zake: mwaka 2024 lilipanda, likaingia katika nyumba za watu wa pwani.

Tulipofika kwa shangazi yetu tuliinama, tukasema, “Shikamoo.” Alitutazama kwa huzuni, akasema, “Mwana wa kaka yangu ananisalimu kama Mtanzania!” Kwa kweli ulimi wetu ulikuwa umehama. Sisi twasema ugali, wao wasema bukari. Sisi twasema kisamvu, wao wasema sombe. Watoto wa jirani walicheka kila tulipofungua kinywa. Siku ya tatu shangazi alitupa jembe, twende naye shambani. Hapo tukajua ya kuwa ugeni umekwisha.

Lakini ilibaki kazi tuliyotumwa. Baba yetu mzee, aliyebaki Nyarugusu, alitukabidhi hati ya kiwanja chake. Katika nyumba yetu tulimkuta mama mmoja na watoto wanne. Walikuwa wametoka upande wa Nyunzu, wakikimbia mapigano ya Waluba na Wabatwa ya miaka ya 2016 na 2017. Alipoiona hati alituuliza kwa sauti ndogo, “Baba, mumekuja kutufukuza?”

Tulikosa jibu. Miaka mingi tumelala juu ya ardhi ya watu wengine, na hofu ya kungoja kuambiwa “Ondokeni” twaijua vema. Hata hivyo, haki ya baba nayo ni haki. Mzee hawezi kunyang'anywa kwa huruma ya mwanawe.

Basi tulimwita mkubwa wa mtaa na wazee wawili, tukaketi chini ya mwembe. Ikaandikwa ya kuwa kiwanja ni cha baba. Ya kuwa mama yule atakaa bila kulipa kodi, akiitunza nyumba. Na ya kuwa baba akitaka kurudi, atamwarifu miezi sita mbele. Kila mmoja alitia sahihi, na mama akatia dole gumba.

Jioni tulimpigia baba simu, tukamweleza yote. Alinyamaza kitambo kirefu, nasi tukaogopa. Kisha akauliza, “Mwembe ungali unazaa?” Tukamjibu kwamba watoto wanne wanakula maembe yake. Akasema, “Haya, na wale.”

Nawe msomaji uliye ugenini, siku ya kurudi kwenu itakapofika, chukua hati yako, usiiache. Lakini ukifika mlangoni, hata kama mlango ni wako, bisha hodi kwanza.