Mapatano Kabla ya Barabara
Atokaye Sofu, Kibaha, kwenda kufundisha Dar es Salaam, kama mimi, huijua vema Barabara ya Morogoro. Kipande cha Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kilianza kupanuliwa mwaka 2018. Kabla ya mkataba wa kazi ya namna hiyo kutiwa sahihi, huweza kuwapo majadiliano na mzabuni juu ya muda, vifaa na jinsi ya kujenga. Wako wayachukiao, wakiyaita mlango wa rushwa. Mimi nayaona ya lazima, maana neno lisilofafanuliwa leo hutudai fedha kesho. Lakini bei na kipimo cha kazi vilivyoshindaniwa visigeuzwe faraghani: wazabuni wengine watadhulumiwa, na walipa kodi, wasiokuwamo chumbani, watalipa. Basi kila neno liandikwe; mali bila daftari hupotea bila habari.