Mafua ya Kaka

Kwetu pwani mtoto mchanga ni wa wote. Mwanamke akijifungua, nyumba hujaa: mawifi, majirani, wenzake wa chama. Mtoto hupokezanwa kama sinia ya halua, kila mtu akitafuta pua ni ya nani na macho ni ya nani. Mama naye amekaa arobaini, anapikiwa uji wa pilipili manga na kufukiziwa udi. Kumnyima mtu mtoto ni kama kumwambia unaliogopa jicho lake, na hilo halisameheki upesi.

Wifi yangu alipojifungua msichana mjini Kilifi, mwezi wa Desemba, kaka yangu alinipa kazi isiyotakiwa na mtu. "Wewe ndiye msomi," alisema, "utakaa na wageni." Maana yake ilikuwa kuwaelekeza kwenye ndoo ya maji na sabuni, na mwenye kikohozi kumwambia kwa adabu amwone mtoto akiwa mbali. Bibi mmoja aliondoka amenuna, zawadi yake ya leso akaiacha barazani.

Desemba haikuwa mwezi wa bahati. Virusi vinavyojulikana kwa kifupi kama RSV mara nyingi huanza kusambaa Kilifi mwishoni mwa mwaka na kuendelea miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata. Kwa mtu mzima mwenye afya, mara nyingi ni mafua tu. Kwa mtoto wa miezi michache, vijia vidogo vya hewa ndani ya mapafu huvimba na kuziba kwa makamasi. Duniani virusi hivi huua watoto wapatao 100,000 wa chini ya miaka 5 kila mwaka. Karibu nusu yao hawajafikisha miezi 6, na karibu wote ni wa nchi kama zetu.

Mengi ya hayo yanajulikana kwa sababu ya watu wa Kilifi wenyewe. Kuanzia Desemba 2009 hadi katikati ya 2010, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust walizitembelea nyumba za vijijini mara mbili kwa wiki, wakachukua sampuli kwenye pua za watu wote, wagonjwa na wazima. Walitaka kujua nani humletea mtoto mchanga virusi. Mara nyingi havikuwa vimetoka nje ya nyumba. Vilitoka kwa ndugu zake wakubwa, hasa wanaokwenda shule, na baadhi ya waliokuwa navyo puani hawakuwa na dalili yoyote.

Ndoo yangu ilikuwa imewekwa kwa ajili ya wageni. Mpwa wangu wa miaka sita alikuwa wa ndani. Shule zilipofunguliwa Januari, alirudi kila alasiri akikimbia na mkoba mgongoni, moja kwa moja hadi kitandani kwa dada yake. Siku makamasi yalipoanza kumtiririka nilimzuia mlangoni. Alinitazama kwa mshangao.

"Kwani mimi ni mgeni, shangazi?"

Tulimnawisha, tukambadilisha shati, tukamwambia ambusu miguu tu. Alitii. Siku tano baadaye mtoto akaanza kukohoa, kisha akakataa ziwa. Usiku nilimhesabia pumzi kwa saa ya simu: 64 kwa dakika. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 60 na kuendelea ni hatari. Mbavu zilikuwa zikibonyea ndani kila alipovuta hewa. Hatukungoja asubuhi.

Hospitalini alipewa oksijeni na kulishwa kwa mpira. Hakupimwa kujua ni kirusi gani. Wodi ilikuwa imejaa vifua vya namna hiyo. Dawa ya kuua RSV yenyewe haipo kwa watoto kama yeye, kwa hiyo unamsaidia apumue hadi mwili wake ushinde. Alishinda siku ya sita. Nyumbani mamangu alikuwa amekataza mtu yeyote kumtajia mvulana neno "uliambukiza".

Sabuni nitaendelea kuihubiri, na moshi wa jiko na udi uende mbali na kitanda. Lakini kinga inayotegemea kumtenga kaka na dada yake haiwezi kudumu katika nyumba ya vyumba viwili, wala sitaki idumu. Ipo nyingine. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nchi zote zitumie mojawapo ya njia mbili: chanjo kwa mjamzito kuanzia wiki ya 28, ili kinga ipite kwenye kondo hadi kwa mtoto, au sindano ya kingamwili kwa mtoto mwenyewe. Wifi yangu alihudhuria kliniki zote, akadungwa ya pepopunda, na hakuna aliyemtajia hii nyingine.

Mkono wa mjamzito wetu tayari umezoea sindano. Watu wa Kilifi walitoa pua zao ili dunia ijue virusi hupita wapi. Chanjo ikifika, ifike huku mapema, watoto wetu wazaliwe na kinga na kaka zao wawabusu popote wapendapo.