Tembe za kulegeza misuli si peremende

Je, msomaji mpenzi, umewahi kuinama kuokota kitu sakafuni kisha ukashindwa kuinuka? Ikiwa wewe hujapatwa na masaibu hayo, basi jirani yako amepatwa. Mjini humu mgongo hauna mapumziko. Mama hupandisha mitungi ya maji hadi orofa ya nne mifereji inapokauka. Dereva wa matatu huketi kitini tangu alfajiri hadi usiku. Mwanafunzi naye hujikunja juu ya vitabu usiku kucha mtihani unapokaribia. Siku moja misuli ya kiuno au shingo hukaza kama kamba, na mtu mzima hulia kama mtoto.

Jambo la kusikitisha ni kwamba maumivu hayo yanapotubana, wengi wetu hatumwoni daktari. Tunakimbilia duka la dawa la mtaani, au tunamwomba jirani atugawie tembe zilizombakia. "Zilinisaidia sana, meza mbili tu," jirani husema kwa moyo mweupe. Hapo ndipo hatari huanzia, na ndiyo sababu nimeshika kalamu leo.

Kaka yangu mkubwa ni dereva wa lori. Hubeba shehena kutoka Mombasa hadi Malaba, na hulipwa kwa safari, asipoendesha halipwi. Mwezi mmoja wa Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, mgongo ulimkaza alipokuwa akifunga turubai. Dereva mwenzake akampa tembe za kulegeza misuli, naye akameza mbili. Jioni alipitia kwangu Nairobi kula kabla ya kuondoka saa nne usiku. Tulipokuwa mezani nilimwona akisinzia na tonge li mkononi. Nilipomuuliza, akanionyesha karatasi ya tembe iliyokatwa, haina jina la dawa wala tarehe ya mwisho wa kutumiwa.

Nilimsihi asiondoke. Akaniambia, "Dada, nikiikosa safari hii karo itatoka wapi?" Swali hilo si dogo, wala sikulipuuza. Lakini nilimkumbusha kwamba karo inaweza kuchangwa na maisha hayachangwi. Nikampigia simu wifi yangu, naye akamwambia mumewe maneno yayo hayo. Mwenye lori aligomba sana, na safari akapewa dereva mwingine. Kaka alilala fofofo hadi saa tatu asubuhi. Kulipokucha tulikwenda pamoja kwa daktari, na niliyoyasikia huko, pamoja na niliyoelezwa baadaye na mfamasia, ndiyo ninayokuletea hapa.

Haziendi kwenye msuli

Wengi hudhani kwamba tembe hizi huenda moja kwa moja mahali panapouma na kukanda msuli uliokaza. Sivyo. Nyingi kati yazo hufanya kazi katika ubongo na uti wa mgongo, zikipunguza ujumbe unaoufanya msuli ukaze. Kwa kuwa ubongo wenyewe umepunguzwa kasi, mtu husinzia, hupata kizunguzungu, na mikono yake huchelewa kutenda. Basi usingizi si dalili kwamba dawa ni mbovu. Ndivyo ilivyo.

Kwa sababu hiyo, usiendeshe gari, pikipiki wala mashine hadi ujue dawa inakufanyia nini. Fundi wa jua kali mwenye msumeno wa umeme, mhudumu wa boda boda na mama anayekaanga chapati juu ya mafuta moto, wote wanahusika. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, haizungumzii pombe pekee. Inamkataza pia mtu kuendesha gari akiwa amelemewa na dawa hata asiweze kulidhibiti.

Pombe na dawa hizi haviketi meza moja. Kila kimoja humlaza mtu, na vikikutana vinaweza hata kudhoofisha pumzi. Usihesabu bia moja kuwa si kitu. Mwambie daktari pia kuhusu dawa za usingizi, za kifafa, za mzio na zile za mafua zinazokufanya usinzie, kwani nazo huongeza uzito.

Hesabu ya parasetamoli

Jambo lililonishangaza zaidi ni hili. Baadhi ya tembe za kulegeza misuli zinazouzwa nchini zimechanganywa na parasetamoli ndani ya tembe moja. Mtu mzima hapaswi kupitisha miligramu 4,000 za parasetamoli kwa siku, yaani tembe nane za kawaida za miligramu 500. Sasa chukua mfano wa mtu anayemeza tembe mbili za mchanganyiko mara tatu kwa siku, kila moja ikiwa na parasetamoli miligramu 500. Tayari amefikia 3,000. Akihisi kichwa kinamuuma, akaongeza tembe mbili za kawaida asubuhi, mchana na jioni, amefika 6,000 bila kujua. Ini ndilo linaloumia, na huumia kimyakimya. Kabla ya kumeza, soma maandishi yote kwenye pakiti, hata yale madogo.

Iko pia dawa iitwayo klozoksazoni, ambayo hutumiwa sana katika michanganyiko hiyo. Inaweza kuugeuza mkojo uwe wa rangi ya machungwa au wekundu wa zambarau. Rangi hiyo peke yake isikutie hofu. Lakini ukiona macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai kavu, unatapika au tumbo linauma upande wa kulia chini ya mbavu, acha dawa mara moja na uende hospitali. Ni mara chache dawa hiyo hulidhuru ini, lakini ikilidhuru madhara huwa makubwa.

Maswali ya daktari

Daktari alimuuliza kaka maswali mengi, na kila swali lilikuwa na maana. Je, anapata shida kukojoa? Orfenadrini, dawa nyingine ya jamii hii, inaweza kumzuilia mkojo mzee aliyevimba tezi kibofu. Inaweza pia kumdhuru mwenye presha ya macho. Je, ana ugonjwa wa figo? Baklofeni hutolewa mwilini na figo, na figo zikiwa dhaifu dawa hurundikana hadi mgonjwa akachanganyikiwa. Je, anameza dawa za bakteria? Tizanidini haipaswi kuliwa pamoja na siprofloksasini, dawa tunayopewa mara kwa mara kwa maambukizi ya mkojo au ya tumbo. Zikikutana, presha ya damu inaweza kushuka ghafla na mtu akaanguka. Mama mjamzito au anayenyonyesha naye asifiche hali yake.

Wazee wetu wanahitaji uangalifu wa pekee. Dawa hizi huwafanya wayumbe, na mzee akianguka usiku akielekea msalani anaweza kuvunjika nyonga. Usimpe mama au baba tembe zako, hata akikulilia. Mpeleke kwa daktari.

Ziliwe kwa muda gani?

Kwa mgongo uliokaza ghafla, dawa hizi ni za siku chache. Kwa kawaida hazipiti majuma mawili au matatu. Kaka aliandikiwa za siku tano, azimeze usiku pekee, na asishike usukani mpaka azimalize. Diazepamu, ambayo wakati mwingine hutolewa kwa kazi hii, ina hatari zaidi kwani humzoesha mtu haraka.

Lakini wapo wanaozitumia kwa miezi na miaka, kama vile mtoto ambaye misuli yake imekakamaa tangu kuzaliwa, au mtu aliyeumia uti wa mgongo. Wengi wao hutumia baklofeni. Hao wasiiache ghafla hata siku moja, kwani wanaweza kupatwa na kifafa, homa kali, au kuona vitu visivyokuwapo. Hupunguzwa polepole, kwa amri ya daktari. Ikiwa nyumbani mwako kuna mgonjwa kama huyo, nunua dawa kabla pakiti haijaisha.

Usisahau kwamba hata dawa iliyozoeleka inaweza kugunduliwa kuwa mbaya. Klomezanoni ilitumiwa kulegeza misuli kwa miaka mingi, hadi ilipoondolewa sokoni mwaka wa 1996 kwa kuwa baadhi ya wagonjwa waliambuka ngozi vibaya. Kwa hivyo ukitokwa na vipele au malengelenge baada ya kumeza dawa yoyote, usingoje kesho.

Wakati tembe si jibu

Kuna maumivu ya mgongo ambayo hayapaswi kufunikwa kwa tembe. Kimbilia hospitali siku iyo hiyo ikiwa huwezi kuzuia mkojo au choo, au mkojo umegoma kutoka. Fanya hivyo pia ikiwa umekufa ganzi katikati ya mapaja, miguu inaishiwa na nguvu, una homa, au maumivu yalianza baada ya kuanguka au ajali. Ukichelewa, unaweza kupooza.

Kwa maumivu ya kawaida, mambo madogo husaidia kuliko tunavyodhani. Chupa ya maji moto iliyofungwa kwa taulo hulegeza msuli. Kutembea polepole ni bora kuliko kulala kitandani wiki nzima. Beba mtungi mdogo mara mbili badala ya mkubwa mara moja, na ukiinua kitu kunja magoti, si mgongo.

Kaka alikaa nyumbani juma zima. Karo ya muhula huo tuliichanga, kila mmoja kwa uwezo wake, na mwalimu mkuu akakubali ilipwe kwa awamu mbili. Mwenye lori alipotulia alimrudishia gari. Nami nawaomba waajiri wote: dereva akikwambia amemeza dawa inayomlaza, usimwite mvivu. Amekuokolea gari, mzigo na roho za watu.

Nawe msomaji, fungua leo kabati lako la dawa. Tembe isiyo na jina, isiyo na tarehe, au iliyoandikiwa mtu mwingine, iweke kando na umrudishie mfamasia aiharibu ipasavyo. Mara nyingine utakapoandikiwa za kulegeza misuli, usiondoke dirishani kabla hujamuuliza maswali manne: hii ni dawa gani, ina nini ndani yake, nitaila kwa siku ngapi, na je, naweza kuendesha gari? Kuuliza si ujinga.