Orodha ya Wasiolipa

Ninafundisha uuguzi katika chuo kimoja cha Kalemie, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, na sehemu kubwa ya kazi yangu haifanyiki mbele ya ubao. Inafanyika wodini, ninakosimamia wanafunzi wa staji, na kwenye kibaraza cha jengo letu, ambako wanafunzi huja kuniambia kwamba wana homa. Wanaanza na homa kwa sababu homa haina aibu. Kijana hawezi kusimama mbele ya mwalimu wake aseme usingizi umemkimbia tangu mwezi uliopita, au kwamba haoni tena sababu ya kuamka. Atasema kichwa kinauma, tumbo linawaka, mwili hauna nguvu. Ataenda kituo cha afya, atapewa dawa za malaria na za tifoidi kwa mpigo, na baada ya wiki chache atarudi na maneno yale yale.

Hiyo ndiyo dalili ninayoitafuta kwanza: malaria isiyokwisha. Malaria yetu ni ya kweli, inaua, na sitaki mtu yeyote apuuze homa. Lakini kipimo cha haraka cha tone la damu tunacho. Kikionyesha mara ya pili na ya tatu kwamba hakuna malaria, nasi tukaendelea kuandika vidonge vile vile, tunakuwa tumeacha kumsikiliza mgonjwa. Na kipimo cha Widal, kinachotumiwa sana kutafutia tifoidi, mara nyingi huonyesha ugonjwa ambao haupo. Mwanafunzi anatoka na karatasi yenye jina la ugonjwa, anatoa pesa ya chakula kununua dawa, na kilichomleta kinabaki ndani yake.

Mtu wa namna hiyo simwulizi ana shida gani. Swali hilo lina jibu moja tu hapa kwetu: “Hakuna, mama, niko tu.” Namwuliza mambo anayoweza kuyajibu bila kujivua nguo. Jana jioni ulikula nini? Siku hizi unalala wapi? Anayekulipia masomo ni nani, na mara ya mwisho alituma lini? Mvulana mmoja alinijibu vizuri mpaka tulipofika kwenye kulala.

“Kwa rafiki, Mama Asistenti.”

“Rafiki yupi?”

Akataja mmoja, halafu mwingine, halafu akanyamaza. Chumba alichokuwa amepanga karibu na ufuko kiliingiwa na maji mwaka 2024, ziwa lilipopanda na kumeza nyumba za watu, na tangu hapo alikuwa akihama kitanda hadi kitanda ili asimchoshe mwenyeji yeyote. Darasani tulimjua kama kijana anayesinzia. Mwenzangu mmoja alikuwa ameshamwandika mvivu.

Katika vyuo vyetu kila mtu anashika kipande kimoja cha habari, na vipande hivyo havikutani. Apariteri, anayetunza mafaili ya wanafunzi, anajua nani hajaleta karatasi zake. CP, kiongozi wa promosio, anajua nani hajaonekana tangu wiki jana na nani amejiondoa kwenye kundi la WhatsApp. Mama mwenye nyumba anajua taa ya nani inawaka usiku kucha. Msimamizi wa staji anajua nani ameanza kuja na koti chafu wakati zamani lilikuwa likinyooshwa. Na mtu wa dirisha la fedha ana orodha ya wasiolipa.

Orodha hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia hasa. Ada huhesabiwa kwa dola, hulipwa kwa faranga, na kabla ya sesheni ya mitihani asiyemaliza fungu lake haandikishwi. Anasomwa jina, anatolewa kwenye oditwari, ukumbi wetu wa masomo, mbele ya wenzake. Chuo kinaitumia orodha kama panga. Mimi naiona kuwa hati ya afya iliyo bora kuliko fomu yoyote ya uchunguzi niliyowahi kufundishwa, kwa maana katika mkoa huu pesa ya mwanafunzi haikatiki bila habari nyuma yake.

Mara nyingine habari yenyewe ni samaki. Nchi nne zinazozunguka Tanganyika zilikubaliana kupumzisha uvuvi miezi mitatu kila mwaka, kuanzia tarehe 15 mwezi wa tano hadi tarehe 15 mwezi wa nane. Ziwa linahitaji pumziko hilo, silipingi. Lakini nyumba iliyokuwa ikisomesha mtoto kwa ndakala na mikebuka haina kitu cha kuuza katika miezi hiyo, na chuo hakisogezi tarehe zake. Mara nyingine habari ni vita. Mwisho wa Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, katikati ya Februari ikafuata Bukavu, na watu wakaja kwetu kwa boti wakiwa na mabegi na watoto. Katika miji ile miwili benki zilifunga milango. Mwanafunzi ambaye baba yake alikuwa huko aliacha kupokea chochote, na usiku alikuwa akipiga namba isiyopokelewa. Kwenye orodha yetu alionekana kama mdaiwa tu, sawa na aliyekula ada yake kwenye bia.

Kwa hiyo nikipata majina mapema, huwa nawatafuta mmoja mmoja. Siwaiti ofisini, ukiitwa ofisini Kalemie unaanza kujitetea kabla hujaketi. Natembea na mwanafunzi kutoka wodini hadi barabarani, au nakaa naye kwenye ngazi wakati wenzake wamekwenda kununua mandazi. Simwahidi kwamba nitalipa. Najua nisichoweza, na ahadi ya uongo kwa mtu aliyechoka ni ukatili. Ninachoweza ni kumsaidia kuandika barua ya kuomba kulipa kwa mafungu, kumpeleka mwenyewe kwa mkuu wa idara, na, kama alikimbia vita bila karatasi zake, kumwunganisha na mwenzake aliyekuja vivyo hivyo akafanikiwa kupata nakala. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya nafsi ambao kiini chake ni kuangalia, kusikiliza na kuunganisha. Watu wengi huruka kwenye kusikiliza na kuishia hapo. Kwa uzoefu wangu, kuunganisha ndiko kunakomfanya mtu alale usiku ule.

Wapo ambao jina lao halitakuwa kwenye orodha yoyote. Mwaka 2016 na 2017, vita kati ya wanamgambo wa Watwa na wa Waluba viliwasukuma watu kutoka vijiji vya Nyunzu, Manono na vya Kalemie yenyewe, wakajaa kwenye makambi pembezoni mwa mji. Mtoto aliyekuwa na miaka 11 wakati ule leo ana umri wa kuwa mwanafunzi wangu. Analipa vizuri, anaandika vizuri, halafu siku ya kwanza ya wodi ya majeruhi analetwa mtu mwenye jeraha la panga naye anatoka nje bila kuaga. Msimamizi asiyejua atampa sifuri ya nidhamu. Mimi nimejifunza kumfuata nje polepole, kusimama pembeni yake bila kumwuliza aliona nini utotoni, na kumpangia wiki hiyo kazi ya wodi nyingine. Akitaka kusimulia, atasimulia. Kumlazimisha aseme si tiba, ingawa semina nyingi za haraka zimetuachia imani hiyo. Na darasani wanakaa pamoja watoto wa pande zote mbili, Watwa wakiwa wachache mno, kwa hiyo sikubali hadithi ya mtu mmoja igeuzwe mjadala wa wote.

Kipindupindu nacho kina sehemu yake. Mji wetu huishi nacho mwaka hadi mwaka, na wanafunzi wa uuguzi hukutana na kifo cha ghafla kabla hawajazoea kushika sindano. Baada ya zamu ya namna hiyo tunakaa dakika chache pamoja, tunasema tulichofanya na kilichoshindikana. Nimeona kwamba waliokaa hurudi kesho yake.

Lipo jambo jingine ambalo watu hulisema kwa kunong’ona. Msichana aliyekuwa mbele darasani anaacha kuhudhuria somo moja tu, la mwalimu mmoja, huku mengine yote anahudhuria. Usimwulize kwa nini hapendi somo lile. Katika vyuo vya Kongo kila mtu anajua kuna alama zinazodaiwa kwa mwili, na msichana anayekataa hufeli somo hilo peke yake. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono inaadhibu unyanyasaji huo. Namwambia hivyo waziwazi, namwambia kosa si lake, na siendi popote na habari yake bila idhini yake, kwani ndiye atakayebaki chuoni na mtu yule. Kama ameingiliwa kwa nguvu, nampeleka hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi lazima ianze ndani ya saa 72.

Swali ambalo wenzangu wanaliogopa kuliko yote ni la kufa. Wanaamini ukimtajia kijana kujiua utakuwa umempa wazo. Utafiti uliofanywa kwa miaka mingi hauonyeshi hivyo; mtu anayewaza kufa akiulizwa kwa upole hupumua, kwa kuwa hatimaye kuna anayeweza kubeba neno hilo pamoja naye. Duniani kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 29, na sioni kwa nini tujidanganye kwamba Kalemie iko nje ya dunia. Kwetu mtu akifa hivyo ukoo husema amelogwa, au husema ni ajali ziwani, na mazungumzo yanazikwa pamoja naye.

Ninauliza hivi: “Mwanangu, mtu akibeba mzigo kama huu, wakati mwingine anatamani kufa. Wewe umefika hapo?” Halafu nanyamaza. Nyamaza kweli, hata kama pikipiki tatu zitapita. Akisema ndiyo, nauliza kama amefikiria namna, kama amepanga siku. Akiwa amepanga, simwachi peke yake dakika moja. Nampigia simu mtu anayemwamini, aje akae naye usiku ule. Tunaondoa karibu naye kitu anachoweza kujidhuru nacho. Na tunakwenda pamoja hospitalini. Hapo siri ina mpaka, nami humwambia mapema kwamba ina mpaka, kabla hajaanza kusimulia, ili asione baadaye kwamba nimemsaliti.

Wengi hunipita na kwenda kwa mchungaji. Sina ugomvi na hilo. Chumba cha maombi kina watu saa nne za usiku, wakati mimi nimelala, na kuwa na watu ni nusu ya dawa. Ninachogombana nacho ni mfungo wa siku nyingi kwa kijana ambaye tayari hali, na mahubiri yanayomwonyesha shangazi yake kuwa mchawi, kisha yanamkata na nyumba pekee iliyokuwa ikimpa bukari. Nimezungumza na wachungaji kadhaa, nikiwaomba jambo dogo: mwombeeni akiwa ameshiba, na akiongea habari za kufa nipigieni. Baadhi hupiga.

Wataalamu ni wachache sana, na hospitali kubwa ya magonjwa ya akili ambayo watu wa upande wetu wanaitaja ni ile ya Mabruda wa Upendo huko Lubumbashi, mbali na mfuko wa mwanafunzi. Ndiyo maana hunitia moyo habari za Harare, ambako kuanzia mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi wa mitaani kukaa kwenye benchi na watu waliolemewa na mawazo, kuwasaidia kuchagua tatizo moja na kutafuta hatua moja ya kulitatua. Matokeo yalipimwa na kuchapishwa mwaka 2016, na wagonjwa walipata nafuu ya wazi. Kalemie ina akina mama wa namna hiyo. Wengine wanauza samaki sokoni, wengine wanapangisha vyumba kwa wanafunzi wetu.

Kuhusu wazazi, nina utaratibu ninaoushika. Siwapigii bila ruhusa ya mtoto, isipokuwa uhai uko hatarini. Nikipiga, sianzi na ada. Baba aliye Moba au Kongolo akisikia sauti ya chuo hudhani anadaiwa, na hasira yake yote humwangukia mwana. Naanza na salamu, nauliza habari za nyumbani na za shamba, kisha nasema: “Baba, mtoto wako hajafanya kosa. Anaumwa na mawazo, na anaona haya kukuambia.” Wengi hukaa kimya kidogo. Mmoja aliniuliza, “Kwani mimi ndiye ninayemwogopesha?” Nikamwambia ampigie jioni ile na asitaje shule hata mara moja. Alipiga. Kijana aliacha masomo mwaka mzima, akarudi kwao akalima, na sasa yuko tena kwenye staji.

Ombi nililolipeleka kwa wakuu wangu linaingia kwenye nusu ukurasa. Orodha ya wasiolipa itoke wiki nane kabla ya sesheni, si asubuhi ya mtihani. Nakala moja apewe mtu asiyeshika pesa, awatafute waliomo kabla ya kuadhibiwa. Na majina yasisomwe kwa sauti ndani ya oditwari. Mhasibu ndiye aliyekuwa wa kwanza kukubali; aliniambia amechoka kutazama nyuso zile dirishani. Kuhusu wiki nane wakuu bado wanabishana, wanataka nne. Nne si haba, lakini fungu la mvuvi aliyetoka kwenye miezi ya kufungwa kwa ziwa halikusanyiki kwa wiki nne, na hoja hiyo nitaipeleka tena kwenye kikao kijacho, nikiwa na CP wawili waliokubali kuja kusema.