Kushuka Mgeta na mtoto mwenye usonji

Saa kumi na moja alfajiri, Nyandira bado imefunikwa na ukungu. Gari la abiria limewasha injini. Vijana wanapandisha viroba vya karoti na njegere juu ya keria, na wanawake wamejifunga vitenge juu ya masweta, maana huku juu baridi ya Juni na Julai haina mzaha.

Pembeni, mbali kidogo na kelele, amesimama mama mmoja na mwanawe wa kiume wa miaka saba. Mtoto ameziba masikio kwa viganja na macho yake yako kwenye gurudumu la mbele. Kwenye kiganja kimoja amebana kipande cha kamba ya mbuzi, na anayejaribu kumnyang'anya atajuta.

Wanakwenda hospitali mjini Morogoro. Hii ni mara yao ya pili. Mara ya kwanza hawakufika.

Safari iliyoishia Mlali

Mgeta ni tarafa ya Wilaya ya Mvomero, upande wa magharibi wa Milima ya Uluguru. Anayetoka Morogoro huiacha barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga, karibu na Mzumbe, akapita Mlali, kisha akaanza kupanda. Makona hayaishi. Bonde liko upande mmoja, ukuta wa mlima upande wa pili. Mgeni hutoa simu apige picha, lakini mwenye mtoto asiyevumilia kelele wala kubanwa huhesabu kona zilizobaki.

Siku ile ya kwanza gari lilijaa mpaka mlangoni. Redio ilikuwa juu, konda akigonga bodi kila kituo, na mtu mmoja alikuwa na kuku chini ya kiti. Kabla ya kufika bondeni mtoto alianza kupiga mayowe, kisha akawa anagonga kichwa kwenye kioo. Mama alimkumbatia, akazidi.

"Mama, mchape huyo, atanyamaza," alisema abiria mmoja. Mwingine alisema mtoto ana kitu, apelekwe akaombewe. Wa tatu hakusema neno, ila alihama kiti, na hilo ndilo lililomuuma mama kuliko yote.

Walishuka Mlali wakakaa chini ya mwembe mpaka mchana. Kisha mama akakodi pikipiki ya kurudi juu, mtoto akiwa katikati yake na dereva. Ikapita miezi kadhaa kabla hajathubutu tena.

Mtoto wa matuta na mifereji

Nyumbani mtoto huyo ni mtu mwingine kabisa. Mashamba ya Mgeta yamepangwa kwa ngazi ubavuni mwa mlima: kabichi hapa, viazi mviringo chini yake, halafu karoti, halafu maharage. Maji hushuka kwa mifereji kutoka shamba hadi shamba. Mtoto huyu anaujua kila mfereji wa kwao. Huchuchumaa akitazama maji yanavyogawanyika, akapanga vijiwe kwenye mstari ulionyooka. Ukisogeza kijiwe kimoja, atakirudisha. Ukisogeza tena, atalia.

Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu alikuwa na maneno machache. Alisema "mama", "maji" na "mee" akimaanisha mbuzi. Kabla ya kutimiza miaka miwili maneno yakaanza kupotea moja moja. Aliacha kugeuka akiitwa jina, na hakunyoosha kidole kuonyesha alichotaka. Badala yake alishika mkono wa mama na kuuweka juu ya kitu hicho. Anakula viazi vya kuchemsha, lakini mchuzi ukigusa kiazi, sahani nzima inasukumwa.

Bibi yake alidhani ni kiziwi. Wazo hilo halikuwa baya, kwani mtoto asiyeitika ni lazima apimwe masikio. Lakini mtoto huyohuyo alisikia kengele ya mbuzi kutoka ng'ambo ya korongo.

Dalili hizo kwa pamoja ndizo huwafanya wataalamu wafikirie usonji. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni, ambayo hugusa mawasiliano, namna ya kuhusiana na watu na namna mwili unavyopokea sauti, mwanga, mguso na ladha. Watoto wenye usonji hawafanani. Mmoja haongei kabisa, mwingine anaongea sana juu ya jambo moja tu. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Usonji hausababishwi na chanjo wala na malezi mabaya.

Lawama kwa ukoo wa mama

Kabla ya jibu la hospitali, mama alikuwa ameshapewa majibu mengi mtaani. Wengine walisema amekosea mwiko akiwa mjamzito, wengine kwamba mtoto amechezewa.

Kwa Waluguru lawama ya namna hii ina njia yake. Ukoo, ambao wao huuita lukolo, hufuata upande wa mama, na kwa mila ardhi nayo hupita huko. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Akiwa hodari ukoo unajivunia. Akionekana ana kasoro, vidole vinaelekezwa hukohuko.

Kumlaumu mama hakukuanza Uluguru. Katikati ya karne ya 20, madaktari wengi wa Marekani na Ulaya waliamini kwamba usonji hutokana na mama asiye na upendo kwa mwanawe. Wanawake wengi walibeba aibu hiyo kwa miaka kabla utafiti haujaitupilia mbali.

Lakini mila hiyohiyo inayoelekeza lawama ina na dawa yake. Inampa mtoto mjomba. Kaka wa mama, kwa desturi, ana sauti na wajibu juu ya watoto wa dada yake. Aliposikia yaliyotokea kwenye gari, mjomba alikuja jioni, akakaa kwenye kigoda na kumtazama mtoto akipanga vijiwe mpaka giza likaingia.

"Dada," alisema, "huyu haogopi gari. Anaogopa asichokijua. Tumfundishe gari kwanza."

Vijiwe vitano

Walimfundisha kwa wiki mbili. Kila asubuhi mjomba alimpeleka mtoto kituoni wakati gari halina watu. Siku ya kwanza waliliangalia kwa mbali. Siku ya tatu aligusa gurudumu. Mwisho wa wiki ya kwanza alikaa kiti cha mbele dakika chache, akashuka, wakarudi nyumbani. Dereva aliombwa mapema.

"Kaka, siku hiyo nipe kiti cha mbele, na redio utusaidie kuizima," mama alimwambia.

"Hamna shida, mama. Redio haina nauli," dereva alijibu.

Mama naye aliandaa vijiwe vitano kutoka kwenye mfereji. Alimwonyesha mtoto kila siku: kimoja ni Nyandira, kimoja Langali, kimoja Mlali, kimoja Sangasanga, na cha mwisho Morogoro. Gari likifika mahali, kijiwe kinatoka mfuko wa mtoto na kuingia mfuko wa mama. Vikiisha, tumefika.

Wataalamu wa usonji hutumia mbinu ya aina hiyo kwa picha: mtoto anaonyeshwa kwa macho kitakachotangulia, kitakachofuata na mwisho uko wapi. Mama huyo hakuwa na picha wala mashine ya kuchapisha. Alikuwa na vijiwe ambavyo mtoto wake tayari anavipenda.

Siku ilipofika, mtoto alilia Langali na alilia tena mbele ya Mlali, lakini hakujigonga. Alikuwa na kitambaa kizito kichwani kilichoziba masikio, kamba yake ya mbuzi mkononi na viazi vya kuchemsha kwenye kikopo. Sangasanga alitoa kijiwe mwenyewe bila kuambiwa. Mjini, kabla gari halijasimama vizuri, alikuwa ameshanyoosha mkono na cha tano.

Hospitalini walipima masikio, yakawa mazima. Waliuliza kuhusu ujauzito, kuzaliwa, homa kali na degedege. Wakamtazama akicheza. Ndipo mama aliposikia neno usonji likisemwa juu ya mwanawe.

Swali lake lilikuwa moja: ataongea lini? Hakuna aliyemwahidi tarehe. Aliambiwa hakuna dawa ya kuuondoa usonji, na anayemuuzia dawa hiyo anamwibia. Aliambiwa pia kwamba mtoto hujifunza, na mwalimu wake wa kwanza ni yule anayeshinda naye. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi yaliyojengwa juu ya wazo hilo, kwamba mzazi atumie michezo na kazi za kila siku za nyumbani kumfundisha mtoto kuwasiliana.

Mtoto wa kwanza naye alipelekwa shamba

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika juu ya watoto 11 wenye tabia hizi. Wa kwanza kwenye orodha yake alikuwa Donald Triplett, mtoto wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Akiwa na miaka mitatu wazazi wake walishauriwa wamweke kwenye taasisi. Walimweka, na baada ya mwaka mmoja hivi wakamtoa na kumrudisha nyumbani.

Baadaye Donald aliishi kwa miaka kadhaa na mume na mke wakulima. Mtoto huyo alipenda kuhesabu na kupima kupita kiasi. Wakulima wale hawakumkataza. Walimwachia ahesabu mistari ya mahindi huku akilima, na alipopenda kupima walimpa kazi ya kuchimba kisima na kupima kina chake. Donald alisoma, akafanya kazi benki, akaendesha gari na kusafiri nchi nyingi. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89, katika mji uleule, ambako watu walimfahamu na kumzoea.

Si kila mtoto mwenye usonji atafika alikofika Donald, ambaye familia yake ilikuwa na uwezo. Lakini hesabu ile ya mistari ya mahindi inaeleweka vizuri Mgeta, kwenye matuta yaliyopangwa kama mistari ya daftari.

Kijiji kinachomjua

Baada ya kurudi, kazi ilianza kwa mbuzi. Mgeta inajulikana kwa mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwei, walioletwa miaka ya 1980 kupitia wataalamu wa kilimo wa Sokoine. Mbuzi wa maziwa hukamuliwa saa zilezile kila siku, na ratiba ya namna hiyo ndiyo mtoto huyu anaipenda. Sasa hubeba kikopo. Kabla ya kukipata hungoja mama aseme "maziwa", kisha naye hutoa sauti. Kwa wiki nyingi ilikuwa "ma". Siku moja ikawa "mazi".

Milima hii hata hivyo ina hatari zake. Watoto wengi wenye usonji huondoka nyumbani bila kuaga, na wengi huvutwa na maji. Hapa kuna mto, mifereji na makorongo. Mama alichagua kutoficha. Alipita nyumba kwa nyumba, akaeleza mtoto ana nini, anapenda kwenda wapi na ashikwe vipi: asivutwe wala asifokewe, aonyeshwe kamba tu, atafuata. Mara mbili majirani wamemrudisha kutoka mtoni. Mtoto aliyefungiwa ndani asingejulikana na mtu wa kumrudisha.

Suala la shule bado ni gumu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma. Lakini vitengo vya wanafunzi wenye usonji, kama kile cha Shule ya Msingi Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam, viko mbali na Nyandira. Ndugu aliyeko Dar amejitolea kumchukua. Mama amefikiri usiku mwingi. Huko kuna mwalimu aliyesomea kazi hiyo, huku kuna mbuzi, mifereji na majirani wanaojua kamba ni ya nini. Kwa sasa mtoto anakwenda shule ya kijijini saa mbili kila asubuhi na kukaa karibu na mlango. Mwakani wataamua upya.

Swali lililo zito zaidi ni lile ambalo kila mzazi wa mtoto kama huyu hujiuliza taa ikizimwa: nikifa, atabaki na nani? Mjomba alilijibu kwa namna yake. Alimpeleka dada yake kwenye tuta moja la shamba la ukoo, lililo karibu na mfereji, akamwambia mbele ya wanawe mwenyewe kwamba hapo pana mwenyewe tayari, na wao ndio watakaolima naye.

Mzazi mwenye safari kama hii aanze na mambo manne. Amzoeze mtoto chombo cha safari kabla ya siku yenyewe. Amwonyeshe hatua za njia kwa kitu anachokishika. Abebe chakula na kitu anachokipenda. Amweleze dereva mapema. Na abiria anayemwona mtoto akilia kwenye gari aulize, "Mama, nikusaidie nini?" Kule Mlali hakuna aliyeuliza.

Tarehe ya kurudi hospitali imepangwa. Vijiwe vitano viko dirishani, na mtoto ameshaanza kuvipanga.